Kazi 19 na hakuna aliyeitwa: uchambuzi wa potifolio ya mwanafunzi wa habari na mawasiliano

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shahada ya habari na mawasiliano ametuma maombi 14: mzalishaji wa maudhui, msaidizi wa mitandao ya kijamii, mwandishi wa dawati la kidijitali, nafasi mbili za mafunzo kwa vitendo. Alama zake ni nzuri. Potifolio yake, yaani mkusanyo wa kazi anazowaonyesha waajiri, ina kazi 19. Hajaitwa kwenye usaili hata mmoja. Muhula wa mwisho una wiki 16, na bado hajachagua mada ya mradi wa kuhitimu.

Kisa hiki hakimhusu mtu mmoja halisi. Kimeunganishwa kutokana na kasoro zinazojirudia kwenye potifolio za wahitimu wa fani hii, na hesabu za mradi zilizomo ni za mfano. Tunachofuatilia ni jinsi wiki hizo 16 zinavyoweza kutumika, na mahali ambapo kazi huharibika.

Kilichokuwa ndani ya potifolio

Anayechuja maombi hafungui kazi 19. Hufungua mbili au tatu za juu, hutazama mwanzo wake, kisha huamua. Kazi ya kwanza hapa ilikuwa video ya dakika 11 iliyofanywa na wanafunzi sita, yenye maelezo haya tu: "Tulitengeneza video kuhusu maisha ya chuoni." Nani alihoji? Nani alishika kamera? Nani alihariri? Wenzake watano wameweka video hiyohiyo kwa maelezo yaleyale, na huenda maombi yao yamefika kwenye meza ileile. Kufanya kazi kwa kundi si dosari, maana vyumba vya habari huendeshwa hivyo. Kilichokosekana ni sentensi moja ya kweli: "Niliandaa maswali, nikahoji watu wawili na kuhariri dakika 4 za kwanza."

Kazi nne zilikuwa na viungo visivyofunguka, kwa sababu zilipakiwa kwenye akaunti ya klabu ya wanafunzi ambayo baadaye ilifutwa. Anayesomea fani hii lazima azoee wazo kwamba majukwaa hufa. Vine, jukwaa la video fupi, ilifungwa Januari 2017 na waliojijengea hadhira humo wakaipoteza. CrowdTangle, ambayo waandishi na watafiti waliitegemea kufuatilia yanayosambaa, ilizimwa Agosti 2024. Faili halisi zikae kwa aliyezitengeneza: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine kabisa.

Kazi tatu zilitumia muziki usio na ruhusa, chini yake pameandikwa "muziki si wangu". Maneno hayo hayampi mtu haki yoyote. Hata muziki wenye leseni ya Creative Commons una masharti: CC BY inadai umtaje mwenye kazi, NC inazuia matumizi ya kibiashara, na ND inazuia kusambaza kazi iliyobadilishwa. Wengi hujikwaa kwenye ND. Hudhani kwamba wasipougusa wimbo wako salama, ilhali kwa mujibu wa leseni hizo kuoanisha muziki na picha za video huhesabiwa kuwa ni kuutengenezea kazi nyingine, hivyo ND hairuhusu kuisambaza video hiyo. Mwajiri anayeona muziki wa namna hii anajiuliza kitatokea nini siku akimkabidhi mhitimu huyo akaunti ya taasisi.

Kisha kulikuwa na namba iliyokolezwa rangi: "Imetazamwa mara 48,000." Imetazamwa kwa sekunde ngapi, na nani? Septemba 2016 Facebook ilikiri kuwa wastani wake wa muda wa kutazama video ulikuwa umekuzwa, kwa sababu hesabu iliwaacha nje waliotazama chini ya sekunde 3. Watangazaji na wachapishaji walikuwa wameshafanya maamuzi ya fedha kwa kutumia kipimo hicho. Mwanafunzi wa mawasiliano anatakiwa kuwa mtu wa kwanza chumbani kuuliza namba imehesabiwaje.

Kasoro hizi zina mzizi mmoja. Kila somo lilidai kazi yake, na kila kazi ilipopata alama iliingizwa kwenye potifolio. Matokeo yake ni ushahidi wa mahudhurio. Anayeajiri anatafuta kingine: mtu huyu akikabiliwa na jambo gumu, huamuaje? Kwa hiyo kazi 15 ziliondolewa, 4 zikabaki, na mradi wa kuhitimu ukapangwa uwe wa tano na ukae juu ya zote.

Mada inayoweza kupimwa

Mada aliyoipendekeza kwanza ni ile ambayo kila msimamizi ameiona mara nyingi: "Athari za mitandao ya kijamii kwa vijana." Haina mahali, haina ofisi inayopaswa kujibu, haina kitu cha kuhesabu. Nafasi yake ilichukuliwa na swali: je, mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kufika kwenye kila ukumbi wa mihadhara wa chuo hiki bila kubebwa?

Hapo ndipo nadharia, ambazo wanafunzi wengi huzikariri kwa ajili ya mtihani, zilipoanza kufanya kazi. Mwaka 1993 mtaalamu wa mawasiliano Robert Entman alieleza kuwa fremu ya habari, yaani upande wa jambo ambao habari huchagua kuuonyesha, hufanya mambo manne: hutaja tatizo ni nini, huonyesha chanzo chake, hutoa hukumu ya kimaadili na hupendekeza suluhisho. Maswali ya kwanza ya mwanafunzi yalikuwa "Unajisikiaje?" na "Nguvu ya kuendelea unaipata wapi?" Yaweke kwenye mambo hayo manne: tatizo ni mwili wa mhojiwa, chanzo ni bahati mbaya, hukumu ni kumhurumia, suluhisho ni ushujaa wake. Jengo halimo kabisa. Chuo hakina la kujibu.

Yaliandikwa upya: "Wiki iliyopita ulikosa kipindi gani, na mlango upi ulikuzuia? Ulimweleza nani? Lini? Ulijibiwa nini?" Ofisi inayosimamia majengo nayo iliandaliwa yake: nani huidhinisha ukarabati, maombi husubiri muda gani, na kipimo gani hutumika kukagua njia ya mteremko. Mabadiliko haya yalichukua saa mbili za mezani, na hakuna saa mbili nyingine katika wiki zote 16 zilizouathiri mradi kwa kiasi hicho.

Vipimo, na kichwa cha habari kilichokaribia kupotosha

Chuo cha kisa hiki kina majengo 18 yenye kumbi za mihadhara. Kipimo kilichochaguliwa ni mteremko wa 1:12, kinachotumika sana kimataifa: kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za mlalo, sawa na pembe ya digrii 4.8 hivi. Vifaa: futi ya mkanda ya mita 5, simu yenye programu ya kupima pembe, na lahajedwali.

Simu ililazwa kwanza juu ya sakafu iliyothibitishwa kwa pima maji ili kuirekebisha, kisha kila mteremko ukapimwa sehemu tatu: chini, katikati, juu. Kupima sehemu moja hakutoshi, kwani zege la zamani huwa limetitia na mteremko mmoja huweza kuwa na pembe tofauti. Katika jengo mojawapo kizingiti kilikuwa sentimita 45 juu ya ardhi. Kwa 1:12 mteremko ulipaswa kuwa na mlalo wa sentimita 540. Ulikuwa na 300, yaani karibu digrii 8.5. Asiyewahi kusukuma kiti cha magurudumu haoni tofauti kwa macho, ndiyo maana picha peke yake isingetosha.

Hesabu ilitoka hivi: majengo 11 yana njia ya mteremko, lakini ni 4 tu ambayo njia zake ni za 1:12 au laini zaidi. Rasimu ya kwanza ilibeba kichwa "Asilimia 61 ya majengo yanafikika". Hesabu ni sahihi, 11 kwa 18. Habari ni ya uongo. Kuwapo kwa mteremko si kufikika, na mwandishi aliyepima mwenyewe hana kisingizio cha kuvichanganya. Isitoshe, jumla ikiwa ndogo kama 18, asilimia huvalisha hesabu usahihi ambao haina. Kichwa kikawa: "Ni majengo 4 kati ya 18 yenye mteremko unaokidhi kipimo." Chini yake pakawekwa tarehe ya kupima. Tarehe hiyo itarudi baadaye.

Sauti na picha

Mahojiano ya sauti yalirekodiwa kwa WAV, 48 kHz, biti 24. Saa moja ya sauti ya chaneli moja kwa mpangilio huo inakula takriban megabaiti 520, hivyo kadi ya kumbukumbu si tatizo. Kiwango cha sauti kilipangwa ili vilele vifike karibu na −12 dBFS, kipimo ambacho 0 ndiyo kikomo chake cha juu. Anayeogopa sauti ndogo hupandisha mpaka vilele vigonge 0, na hapo sauti hukatwa kichwa na hakuna programu itakayoirudisha kikamilifu. Sauti ndogo kiasi kwenye biti 24 huinuliwa baadaye bila madhara makubwa.

Rekodi ya kwanza iliharibika hata hivyo, na sababu yake ni ya kawaida mno: maikrofoni iliwekwa mezani, mita moja na nusu kutoka mdomoni, ndani ya chumba chenye kuta tupu. Umbali ukiongezeka maradufu, sauti ya moja kwa moja hupungua kwa takriban desibeli 6, lakini mwangwi wa chumba unabaki palepale. Ndiyo maana sauti kama hiyo husikika kama imetoka ndani ya pipa. Ya pili ilirekodiwa kwa maikrofoni iliyo sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, imekaa pembeni kidogo ili pumzi za "p" na "b" zisiigonge, kwenye chumba chenye mapazia na nguo. Kabla ya kuondoka zilirekodiwa sekunde 30 za ukimya wa chumba kile. Ndizo zinazoziba mapengo wakati wa kuhariri. Sauti ya mwisho ilisawazishwa kuwa −16 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), kiwango kinachotumika sana kwa podikasti. Utangazaji wa Ulaya hufuata −23 LUFS kwa mujibu wa EBU R 128, kanuni ya umoja wa watangazaji wa huko, na anayeomba kazi redioni au kwenye televisheni ajue mapema kituo kinataka kipi.

Video ilichukuliwa kwa simu, na hapo kukazuka tatizo ambalo humkatisha mtu tamaa usiku wa kukabidhi kazi: midomo na sauti viliachana polepole, dakika ya 1 sawa, dakika ya 6 vimepishana. Simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu (idadi ya picha kwa sekunde) inayobadilika, na baadhi ya programu za kuhariri huisoma kana kwamba ni thabiti. Faili zilipitishwa kwanza kwenye HandBrake, programu ya kubadili video, na kugeuzwa kuwa fremu 25 thabiti kwa sekunde, ndipo zikahaririwa. Kufanya hivyo baada ya kuhariri ni kuanza upya.

Idhini

Wahojiwa watatu walitia saini fomu za idhini. Fomu ilisema "kwa matumizi ya kitaaluma". Mradi ulipokuwa unapelekwa kwenye tovuti ya wazi, fomu hizo hazikufaa tena, na ilibidi kurudi kwa kila mmoja. Wawili walikubali. Wa tatu alikubali sauti, akakataa sura yake ionekane mtandaoni.

Wazo la haraka lilikuwa kuuziba uso kwa ukungu. Hilo halimfichi mtu. Sauti yake inatambulika, kiti chake kinatambulika, na makala inataja idara yake. Kwenye idara yenye mtumiaji mmoja wa kiti cha magurudumu, kila anayemfahamu ameshajua ni nani. Kumlinda mtu ni kuviangalia vipande vyote kwa pamoja. Yeye hakuomba kufichwa jina, aliomba sura isionekane, na hayo ni maombi mawili tofauti. Picha zake ziliondolewa zote, ikabaki sauti juu ya picha za mlango wenyewe. Fomu mpya inataja majukwaa kwa majina, inasema kama kazi itatumika kwenye potifolio ya kuombea ajira, na inaweka tarehe ya mwisho ya kujitoa. Idhini ilirekodiwa pia kwa sauti mwanzoni mwa mahojiano.

Maandishi ya video

Kazi kuhusu ufikikaji ambayo kiziwi hawezi kuifuata ingejipinga yenyewe. Rasimu ya maandishi ilitolewa na programu ya akili mnemba, kisha ikasikilizwa neno kwa neno dhidi ya sauti. Makosa hayakutawanyika ovyo. Yalirundikana kwenye majina, namba na vikanushi. Palipotamkwa "hatukupewa" palikuwa pameandikwa "tukapewa". Silabi moja ya mwanzo, iliyomezwa na msemaji, ingemfanya mhojiwa ashuhudie kinyume cha alichosema. Rasimu ya mashine huokoa saa nyingi, kwani kunukuu kwa mkono saa moja ya mazungumzo huchukua saa nne au zaidi, lakini saa moja ya kuikagua haiepukiki.

Kila kipande kilibaki na mistari isiyozidi miwili, herufi zisizozidi 42 kwa mstari, kikikaa kwenye skrini kati ya sekunde 1 na 7. Rangi ya maandishi ilipimwa dhidi ya mandharinyuma kufikia uwiano wa 4.5:1 unaotajwa na WCAG, mwongozo wa ufikikaji wa maudhui ya tovuti. Toleo la wima la pikseli 1080 kwa 1920 liliyapandisha maandishi juu, kwa kuwa sehemu ya chini ya skrini hufunikwa na vitufe vya jukwaa.

Kuisoma hadhira

Katika siku 10 za kwanza ukurasa ulifunguliwa mara 2,140. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeandika "watu 2,140 wamesoma". Lakini kufunguliwa si mtu, na kufungua si kusoma.

Viungo vilivyosambazwa vilikuwa vimewekewa alama za UTM, maneno yanayoongezwa mwishoni mwa kiungo, kila njia na alama yake, hivyo chanzo kilionekana: mara 1,512 zilitokana na viungo waliopewa viongozi wa madarasa kuvipeleka kwenye makundi yao. Ukurasa wa chuo kwenye mtandao wa kijamii, wenye wafuasi wengi kuliko wote hao, ulileta chini ya 200. Wanasosholojia Katz na Lazarsfeld walieleza mwaka 1955 kwamba ujumbe hupitia kwa watu wanaosikilizwa ndani ya makundi yao kabla ya kuwafikia wengine. Namba hizi hazithibitishi nadharia, chuo kimoja hakitoshi, ila zinampa mhitimu sentensi ya kueleza mpango wake: kwa nini aliwafuata viongozi wa madarasa kwanza.

Kulikuwa na pengo moja la kiufundi. Google Analytics 4, zana ya kupima matumizi ya tovuti, kwa mpangilio wake wa awali hurekodi kushuka ukurasani pale msomaji anapofika asilimia 90 tu. Jedwali la majengo lilikuwa katikati, kwa hiyo hakuna aliyejua ni wangapi walilifikia mpaka kipimo cha ziada cha kuwahesabu kilipowekwa siku ya nne, na data ya siku tatu za mwanzo haikurudi. Upimaji huwekwa na kujaribiwa kabla ya kuchapisha. Vilevile, kwenye uchambuzi wa kina, data ya ngazi ya mtumiaji huhifadhiwa kwa miezi 2 usipobadilisha mpangilio, na inaweza kuongezwa hadi 14. Anayehitimu leo na kuitwa kwenye usaili baada ya miezi mitano atakuta amebaki na muhtasari tu, asipopakua mapema.

Ukurasa wa potifolio baada ya wiki 16

Juu kabisa upo mradi huu. Aya mbili za mwanzo zinasema swali lilikuwa nini, jibu ni nini, na mwanafunzi alifanya nini peke yake. Chini kuna video ya sekunde 90, sauti ya dakika 12, makala, na lahajedwali la vipimo linaloweza kupakuliwa. Kisha sehemu fupi ya maamuzi: kwa nini kichwa cha asilimia 61 kiliachwa, kwa nini sura ya mhojiwa mmoja haipo, kwa nini data ya kushuka ukurasani inaanzia siku ya nne. Baadhi ya wasimamizi watashauri sehemu hiyo ifutwe kwa kuwa inaonyesha mapungufu. Tunashauri ibaki. Mhariri akisoma jinsi kichwa cha kwanza kilivyokataliwa, anamwona mtu anayeweza kuachiwa ufunguo wa tovuti jioni.

Wiki tatu baada ya kuchapishwa, ofisi ya majengo iliandika kulalamika: mteremko mmoja uliohesabiwa kuwa mkali ulikuwa umejengwa upya. Mwanafunzi alirudi na futi na simu. Ulikuwa na digrii 4.6. Kwa kuwa makala ilikuwa na tarehe ya kupima, haikuwa na kosa, ila ilikuwa imepitwa na wakati. Kichwa kilibadilishwa kuwa majengo 5 kati ya 18, na juu ya makala pakaongezwa maelezo: namba ya awali ilikuwa 4, mteremko upi umebadilika, umepimwa upya lini. Namba ya zamani haikufutwa kimyakimya, na kwenye lahajedwali safu ya kipimo cha kwanza imebaki kando ya safu ya kipimo cha pili.